Bastola kubwa haitengenezwi kwa tupa

Bwana Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa barua, ndugu mmoja mwenye permi, yaani kibali, ya silaha aliuliza aanzie wapi kuitengeneza upya bastola yake ya kalibri kubwa. Ndugu mwingine akamjibu upesi: alegeze gasheti (kifyatulio) kwa tupa, akate resori (springi) mizunguko miwili ili ivutike laini, kisha aipige chrome ing'ae. Mambo hayo matatu ndiyo yanayotuletea bastola nyingi zilizoharibika, na mojawapo linaweza kuua mtu aliyesimama kando. Sisi tunaotengeneza silaha zenye karatasi hapa Lubumbashi tunaomba nafasi tujibu, na tunaomba radhi kwa urefu.

Tuanze na neno lenyewe, kalibri kubwa. Wengi wanadhani ukubwa wa tundu ndio nguvu. Risasi ya 11,43, ile Wamarekani wanayoiita .45 ACP, ina kichwa cha gramu karibu 15 kinachotoka kwa mita kama 255 kwa sekunde. Nguvu yake ni karibu jouli 480. Kalibri 9 ya kawaida, ile ya bastola ya GP iliyotoka kiwanda cha FN Ubelgiji na ambayo Wakongo wengi wanaijua kwa sura, ina kichwa cha gramu 8 kwa mita kama 350, na nguvu yake iko hapo hapo. Tofauti kubwa iko katika shinikizo: 9 inaruhusiwa kufika bar 2350 ndani ya kanoni, yaani mtutu, 11,43 inaishia bar 1300. Kwa hiyo 11,43 ni nzito na ya polepole, inasukuma mkono kuliko kuugonga, na chuma chake kinachakaa taratibu. Milimita 10 Auto ni habari nyingine: kichwa cha gramu 13 kwa mita 365, zaidi ya jouli 850, na shinikizo linalozidi bar 2000. Risasi ya .50 AE ndani ya bastola ya Desert Eagle inakaribia jouli 2000. Hivi ni vyombo vya tabia tofauti. Ushauri unaofaa kimoja unaweza kuvunja kingine, na jibu la yule ndugu halikuuliza hata bastola ni ya aina gani.

Kabla ya bisibisi, karatasi. Silaha na risasi katika nchi yetu zinaongozwa na Amri-sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na bila permi hakuna mazungumzo ya resori wala ya kilengeo. Mkataba wa Kinshasa wa mwaka 2010, uliotungwa kwa ajili ya silaha ndogo katika Afrika ya Kati, unadai silaha ziwe na alama zinazosomeka. Basi usipitishe msasa wala rangi juu ya nambari, hata kama nia yako ni kupamba tu. Na kama permi imeandika kalibri, ukabadili kanoni na kalibri, bastola haifanani tena na karatasi yake: nenda kwanza kwenye ofisi iliyokupa permi, halafu ndipo uje kwa fundi. Anayetaka bastola ipige mfululizo kwa mvuto mmoja, asije kabisa. Hiyo si kazi yetu na hatutaieleza.

Bastola tutakayoizungumzia zaidi ni ile ya mtindo wa 1911, kwa kuwa ndiyo inayobadilishwa sana duniani. Aliibuni John Moses Browning, Mmarekani aliyefia Ubelgiji, mjini Herstal, mwaka 1926, akiwa kazini kwa FN. Jeshi la Marekani lilipoijaribu mwaka 1911 ilipiga risasi 6000 bila kukwama, na ilipopata moto kupita kiasi walikuwa wakiichovya majini. Kila unachobadilisha unakopa kutoka kwenye uaminifu ule, kwa hiyo lazima ujue unakopa kwa ajili ya nini.

Ukipiga, kanoni na kulasi, yaani chuma kile cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, vinarudi pamoja vikiwa vimeshikana kwa milimita chache. Kisha kiungo kidogo chini ya kanoni kinaivuta ishuke, kulasi inaachiliwa, inaendelea peke yake, kulabu inalivuta ganda, ganda linagonga kitoleo na kuruka nje. Resori imebanwa; sasa inasukuma kulasi mbele, nayo inakwangua risasi mpya kutoka shajeri, yaani kisanduku cha risasi ndani ya mpini, na kuiingiza chemba. Mambo hayo yote yanakwisha kabla hujapepesa jicho. Resori ndiyo inayotunza saa ya kazi nzima.

Ndiyo maana inatuuma kusikia neno "kata". Kwenye garaji zetu vijana wanakata resori za gari ili ishuke chini, na gari linatembea, likirukaruka lakini linatembea. Kwenye bastola, ukikata mizunguko miwili, ile iliyobaki inakuwa ngumu zaidi kila milimita unayoibana, lakini ikiwa imetulia haisukumi tena vya kutosha. Matokeo ni mawili kwa pamoja: kulasi inagonga fremu kwa nguvu inaporudi, na inakosa nguvu ya kufunga vizuri inapokwenda mbele. Utaona bastola imebaki wazi milimita moja au mbili, ukaisukuma kwa kidole gumba, na ukadhani tatizo ni uchafu. Isitoshe, ncha iliyokatwa ina makali, nayo inachimba kijiti inachozungukia.

Resori ya kiwandani ya 1911 yenye kanoni ya milimita 127 ina nguvu ya karibu kilo 7,3, ile inayoandikwa 16 kwenye pakiti za Marekani. Kwa risasi za kawaida zenye kichwa cha gramu 15, baki hapo. Kwa risasi laini za shabaha unaweza kushuka hadi kilo 5,5 au 6, maana bastola isipopata msukumo wa kutosha haitamaliza safari yake ya nyuma. Kwa risasi kali panda hadi 8,4. Hapo mtu anajiuliza: kwa nini nisiweke ngumu kabisa nilinde fremu? Kwa sababu kulasi itarudi mbele kwa kasi ambayo shajeri haiwezi kuifuata. Risasi bado haijapanda, kulasi imeshapita, unapata chemba tupu. Au risasi inainamisha pua na kukwama. Pia mdomo wa kanoni unatumbukia chini kila kulasi inapofunga, na mkono wako unaanza kupigana na bastola.

Yatazame maganda, yanasema ukweli. Yakianguka kati ya mita moja na nusu na mita tatu, upande mmoja, kwa rundo, resori iko sawa. Yakiruka mita sita, imechoka au ni laini mno. Yakidondoka miguuni pako, ni ngumu mno, au risasi ni dhaifu, au umeshika bastola kwa mkono uliolegea. Ukinunua resori, nunua mbili. Ya pili iweke kwenye bahasha, na kila baada ya risasi 2000 hivi uzilaze pamoja mezani: ya zamani ikiwa fupi kwa zaidi ya sentimita moja, itupe. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika bastola, na ndicho watu wanachokibania.

Kuna pia kile kipande cha mpira au plastiki kinachovalishwa kijiti cha resori ili kupunguza kishindo. Hatukipendi. Kinakula milimita mbili au tatu za safari ya kulasi, na siku kinapovunjika vipande vinaingia ndani ya mtambo. Resori nzima iliyo mpya inafanya kazi ile ile bila hatari hiyo.

Sasa shajeri. Bastola ikikwama, wenye nayo wanaishtaki kanoni, wanaishtaki kulabu, wanaushtaki mteremko, ilhali mara nyingi mwenye kosa ni shajeri. Zipe namba kwa rangi ya kucha: 1, 2, 3, 4. Bastola inapokwama, andika namba. Kama kukwama kote kuko kwenye namba 3, umeshapata jibu bila kufungua skrubu hata moja. Angalia midomo yake kwa taa kali, hasa pembe za nyuma, maana ndiko chuma kinakoanza kupasuka. Midomo iliyopanuka inaiachia risasi mapema, iliyobanwa inaichelewesha, na kuinyoosha kwa koleo hudumu wiki mbili tu. Nunua nyingine. Kama una fedha za kubadili kitu kimoja tu katika bastola yako, badili shajeri.

Kulabu ya 1911 ni ya ndani, ni chuma kirefu kinachojikaza chenyewe kwa kupinda kidogo. Kuna jaribio ambalo kila mwenye bastola anaweza kulifanya mezani. Toa kulasi, toa kanoni, chukua risasi ya bandia isiyo na baruti wala fataki ya kuiwashia, na iteleze chini ya kulabu kutokea chini, kama shajeri inavyoileta. Inyanyue kulasi na uitikise kidogo. Risasi ibaki. Itikise kwa nguvu, idondoke. Isipobaki, kulabu imelegea, na ganda litakwama dirishani. Ikikataa kudondoka hata ukitikisa vipi, imekaza mno na risasi mpya haitapanda. Na hapa kuna tabia mbaya tunayoiona kila mara: mtu anaitumbukiza risasi chemba kwa mkono, halafu anaiachia kulasi juu yake. Kulabu hii haikutengenezwa kuruka juu ya ukingo wa ganda. Itavumilia mara kumi, mara ishirini, kisha ncha inameguka. Risasi ya kwanza nayo itoke kwenye shajeri.

Mteremko wa kupandishia risasi unapenda sana kung'arishwa na mafundi wasio na kazi. Kuung'arisha kwa kitambaa na dawa ya kusugulia chuma, sawa. Kubadili mwinuko wake, hapana. Kati ya mteremko wa fremu na ule wa kanoni lazima pabaki ngazi ndogo ya milimita 0,8. Ukiisawazisha ionekane nzuri kwa jicho, risasi inagonga ukingo wa kanoni na kuinyanyua kabla ya wakati wake, inakwama, na fremu imeshaharibika. Chuma kilichoondoka hakirudi.

Tufike kwenye gasheti, maana hapo ndipo palipotufanya tuchukue kalamu.

Nyundo ya 1911 inashikwa na jino dogo ambalo linakaa ndani ya vikulabu viwili vya nyundo. Urefu wa vikulabu hivyo ni kama nusu milimita. Nusu milimita ya chuma ndiyo inayozuia nyundo isianguke wakati bastola iko mkononi mwako, kulasi ya karibu nusu kilo ikijigonga mbele kila mara. Ngozi ya juu ya jino na ya vikulabu ni ngumu; mara nyingi ugumu huo hauendi ndani sana. Ukipitisha tupa au msasa, gasheti inakuwa laini siku ile ile, nawe unafurahi. Lakini umefikia chuma laini, na baada ya risasi mia chache pembe inajiviringa, jino linaanza kuteleza. Siku moja unafunga kulasi juu ya risasi, nyundo inaifuata. Ukibahatika inanaswa nusu ya njia. Usipobahatika bastola inapiga bila kidole, au inapiga mbili ulipotaka moja, huku mdomo wake ukiwa umeshanyanyuka juu ya ukuta wa kinga.

Uzito wa gasheti tunaoukubali kwa bastola ya kubeba ni kati ya kilo 1,8 na 2,3. Kwa shabaha tu, mikononi mwa aliyezoea, kilo 1,6. Chini ya hapo hatushuki, hata mteja akikasirika. Unaweza kuupima kwa mzani wa ndoano wa kupimia mizigo: hakikisha bastola ni tupu, iweke nyundo nyuma, tundika ndoano katikati ya gasheti, vuta moja kwa moja nyuma, pima mara tano utafute wastani. Vipimo vikitofautiana sana, mfano 1,7 halafu 2,5, kuna uchafu au jino limeanza kuharibika.

Anayetaka gasheti nzuri zaidi anunue nyundo na jino vilivyotoka kiwanda kimoja vikiwa jozi, vipachikwe na fundi mwenye kifaa cha kushikia jino kwa pembe yake. Pia kuna resori ya nyundo. Ya kawaida ni kilo 10,4. Ukiweka ya 8,6 gasheti inapungua uzito kidogo bila kugusa jino, na kwa kawaida fataki bado zinapasuka. Ukishuka zaidi utaanza kupata fataki zenye kidonda kisicho kirefu na risasi zisizolia, tena kulasi itafunguka haraka zaidi, kwa kuwa nyundo nayo inasaidia kuizuia. Utalazimika kurudi kwenye resori kubwa na kuanza hesabu upya.

Baada ya mtu yeyote kugusa sehemu hizo, awe fundi wa miaka thelathini, fanya majaribio haya bastola ikiwa tupu. Nyundo nyuma, kizuizi cha kidole gumba juu, vuta gasheti kwa nguvu, achia, kisha shusha kizuizi: nyundo isisogee hata unywele. Shika mpini bila kubonyeza kizuizi cha mgongo, vuta: isianguke. Rudisha kulasi milimita tatu tu na uvute: isianguke. Vuta gasheti uishikilie, rudisha kulasi yote na uiachie taratibu: nyundo ibaki nyuma mpaka uachie gasheti na kuvuta tena. Likishindwa jaribio moja, bastola haiendi uwanjani. Ikifaulu yote, mara ya kwanza jaza risasi mbili tu kwenye shajeri. Si saba. Ikiwa itapiga kwa kujirudia, iishiwe mapema.

Kwenye GP watu wanapenda kuondoa kile kipande kinachozuia gasheti shajeri ikiwa nje. Kweli gasheti inakuwa nzuri zaidi. Lakini kaka yako, aliyezoea GP isiyopiga bila shajeri, hajui kuwa yako imebadilika. Kiache.

Vilengeo ni mahali pazuri pa kutumia fedha, na hesabu yake ni rahisi. Zidisha kosa kwa umbali ulio kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele, kisha gawa kwa umbali wa shabaha, vyote kwa milimita. Kwenye 1911, umbali kati ya vilengeo ni karibu 165. Ukipiga chini kwa sentimita 10 kwenye mita 25, ni 100 mara 165, gawa kwa 25000, unapata 0,66. Basi punguza kilengeo cha mbele kwa milimita 0,66, risasi zitapanda. Ndiyo maana tunaanza na kilengeo cha mbele kirefu: hicho kinavumilia tupa, na ni mahali pekee katika barua hii tunapoiruhusu. Kulia na kushoto rekebisha cha nyuma, kwa kukisogeza upande unakotaka risasi ziende, ukitumia kijiti cha shaba au cha nailoni, kamwe si bisibisi na nyundo. Wanaofunga kilengeo cha nukta nyekundu wasafishe mafuta kwenye skrubu kwa alkoholi, watie tone moja la gundi ya skrubu, ile ya buluu, wakaze kwa niutoni-mita 1,7, halafu wachore mstari wa rangi juu ya skrubu na chuma. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Gundi nyekundu usiitumie, haifunguki bila kuipasha moto.

Kuhusu mbao za mpini, Katanga tuna bahati. Mti wa mulombwa unapendeza kuliko plastiki zote zinazoagizwa, na kipande cha kiti kilichovunjika kinatosha. Mukula tusiuguse, umeshakatwa kupita kiasi katika misitu yetu. Ubao uwe mkavu kweli, mwaka mzima ndani ya nyumba. Ukikatwa wakati wa mvua na kufungwa mara moja, ukifika Julai umepinda au umepasuka kwenye tundu la skrubu. Unene milimita 6 au 7, na nyuma pawe tambarare. Usiukaze kwa hasira, vishikizo vya skrubu hung'oka kwenye fremu.

Chrome. Chrome ya kiwandani ni nzuri. Chrome ya karakana inayopiga vishikio vya milango na ringi za pikipiki ni sumu kwa silaha. Tindikali na umeme vinaingiza hidrojeni ndani ya chuma kigumu, na chuma kinakuwa kama glasi. Kiwanda kinaoka vipande kwa masaa kadhaa kwenye joto la karibu nyuzi 190 ili hidrojeni itoke, karakana haioki. Resori na kulabu ndizo zinazovunjika kwanza. Halafu tabaka hilo linajaza reli, kulasi inakaza, na mtu anachukua tupa. Kama unataka rangi, chagua bronzaji, ule weusi unaotiwa kwenye chuma cha silaha, au rangi ya kuoka ya silaha, na vipande vidogo vya ndani viache kama vilivyo.

Desert Eagle tuiseme kwa ufupi, kwa kuwa wanaoitamani ni wengi kuliko wanaoijua. Ina uzito wa karibu kilo mbili, na haifanyi kazi kama 1911: inatumia gesi inayotoka kwenye tundu dogo mbele ya chemba, ikapita chini ya kanoni na kusukuma pistoni. Kwa hiyo usipige kamwe risasi zenye kichwa cha madini ya risasi kisichovikwa shaba. Madini yanayoyeyuka yataziba tundu hilo, na kulifungua si kazi ya nyumbani. Shajeri yake inacheza kidogo ndani ya mpini, ndivyo ilivyoundwa. Ukiegemeza kiganja chini yake, unaipandisha na bastola inakwama. Nusu ya malalamiko yanaishia hapo, nusu nyingine kwenye mikono iliyolegea. Kutoka .44 Magnum kwenda .50 unahitaji kanoni na shajeri tu, maana ukingo wa ganda la .50 AE ulipunguzwa makusudi ulingane na ule wa .44. Kwa .357 utahitaji na boliti yake. Kwa anayeanza hatuishauri: risasi za kujifunzia ni ghali, na bila kujifunza ni chuma cha kupigia picha.

Wenye milimita 10 waangalie maganda yao karibu na kitako. Tumbo likivimba upande wa chini, chemba haiyashiki vya kutosha au risasi ni kali mno. Hapo acha kupiga.

Risasi zijazwe na kiwanda. Ganda la 11,43 ni pana kiasi kwamba baruti ya haraka ikimwagwa mara mbili kwa makosa inaenea na huioni, na huo ndio mwisho wa kanoni, pengine na wa vidole. Kosa la pili ni risasi isiyo na baruti: unasikia mlio mdogo, kama kizibo. Simama hapo hapo. Kichwa kimebaki ndani ya kanoni, na anayepiga ya pili nyuma yake anaipasua. Toa shajeri, hakikisha chemba ni tupu, chungulia kanoni kutoka nyuma, ikiwa imetolewa. Na siku zote shajeri itoke kwanza, chemba baadaye. Anayefanya kinyume anatoa risasi moja na kulasi inaingiza nyingine, huku yeye akiamini bastola ni tupu.

Mlio wa bastola hizi unakaribia desibeli 160. Vizibo ndani ya masikio na vifuniko juu yake, vyote viwili, hasa chini ya paa. Ukimaliza, nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula, kwa ajili ya madini ya risasi yaliyokaa kwenye ngozi. Nguo ulizopigia usimbebee mtoto.

Kiangazi, vumbi letu jekundu linashikamana na mafuta na kuwa msasa ndani ya reli: matone manne yanatosha, mawili kwenye reli, moja kwenye kichwa cha kanoni, moja kwenye kiungo. Masika, usiihifadhi bastola ndani ya mfuko wa ngozi. Ngozi inanyonya unyevu, chumvi zake zinaota kutu kwenye chuma na ukijani kwenye maganda. Ihifadhi tupu, kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, risasi zikiwa na kufuli lao mahali pengine, na funguo zisikae kwenye msumari ambao watoto wanauona.

Vipande vya kiwandani ulivyoviondoa usivitupe wala kuviuza. Vitie kwenye mfuko wenye jina la kila kimoja na tarehe. Badili kitu kimoja kwa wakati, piga risasi 200 bila kukwama hata mara moja, ndipo ubadili cha pili. Aliyebadili vitano siku moja, bastola ikikwama, hajui amuulize nani.

Yule ndugu aliyeuliza, kama bado hajaikata resori yake, tunamwomba asiikate. Kama ameikata, atafute mpya ya kilo 7,3, aivalishe, aangalie kama fremu ina ufa nyuma ya kijiti cha resori na pembeni mwa tundu la pini ya kulasi. Akiuona ufa, asipige tena hata risasi moja.

Mafundi wa silaha,
Lubumbashi